Mchezaji au Kibarua? Habari za Ayub Kalule, Bondia wa Kampala

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yalisomwa katika redio, na sasa yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena polepole.

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutasikiliza, kisha tutasoma, na mwisho tutaandika.

Juma lililopita nilitembelea darasa la Sitalike, nasi tulikuwa tukisoma habari za michezo. Mzee mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mtu anayepigana ngumi kwa ajili ya nchi yake namfahamu. Lakini yule anayepigana kwa fedha katika nchi za watu, huyo ni mchezaji wetu au ni kibarua tu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Basi leo nitajaribu kumjibu mzee huyo kwa kuwasimulia habari za mtu mmoja. Jina lake ni Ayub Kalule, na alizaliwa Kampala, Uganda, mwaka wa 1954.

NGUMI ZENYE SHERIA

Watu wa Sitalike mnawajua viboko wa mto Katuma. Wakati wa kiangazi maji yanapopungua, viboko husongamana katika madimbwi, na madume hupigania mahali. Hapana anayewapima uzito. Hapana anayehesabu dakika. Pigano linakwisha wakati mmoja anapokimbia au anapokufa.

Ndondi za watu zina sheria. Kwanza wapiganaji hupimwa uzito, ili mtu wa kilo 60 asikutanishwe na mtu wa kilo 90. Kisha wakati hugawanywa katika raundi. Katika ngumi za kulipwa raundi moja ya wanaume ni dakika tatu, halafu hupumzika dakika moja. Ulingoni yumo mwamuzi, na nje ya ulingo wako watu wanaohesabu pointi. Anayeangushwa huhesabiwa mpaka kumi. Mwamuzi akiona kwamba mtu hawezi tena kujikinga, ana haki ya kusimamisha pigano hata kama mtu huyo bado yu wima.

Sasa tujifunze maneno mawili, kwa kuwa somo letu lote limo ndani yake. Neno la kwanza ni ridhaa. Bondia wa ridhaa hapigani kwa mshahara. Huvaa rangi za nchi yake, na akishinda bendera ya nchi hupandishwa. Neno la pili ni kulipwa. Bondia wa kulipwa hupigana kwa fedha. Ana meneja anayemtafutia mapigano, na ana karatasi aliyotia sahihi. Karatasi hiyo ndiyo mkataba. Kwa maneno mafupi, bondia wa ridhaa ana bendera, na bondia wa kulipwa ana mkataba. Kalule alikuwa navyo vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

MIAKA YA BENDERA

Mwaka wa 1974 ulikuwa mwaka mkubwa kwa Afrika Mashariki. Mwezi wa Januari na Februari ilifanyika Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mji wa Christchurch, New Zealand. Wazee wengi wataikumbuka michezo hiyo kwa sababu ya Filbert Bayi wetu. Tarehe 2 Februari Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Alimwacha nyuma John Walker, mwenyeji wa nchi hiyo.

Katika michezo hiyo hiyo, kijana Ayub Kalule, mwenye umri wa miaka 20, alipata medali ya dhahabu ya ngumi katika uzito mwepesi. Mwezi wa Agosti mwaka huo yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa, katika mji wa Havana, Cuba. Kalule akaenda, akapanda uzito kidogo, akapigana katika daraja la kilo 63.5. Akashinda tena. Akarudi Uganda akiwa bingwa wa dunia.

Nawaomba mkiweke akilini kipimo hicho cha kilo 63.5. Tutakikuta tena mbele.

Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin, aliyetwaa serikali kwa nguvu mwaka wa 1971. Amin mwenyewe alikuwa amepata kuwa bondia, na mabondia wa Uganda walikuwa hodari kweli. Lakini nchi ilikuwa katika taabu. Watu waliuawa, wengine walikimbia, na mwaka wa 1972 Waasia walifukuzwa na biashara nyingi zikaharibika. Kijana mwenye medali mbili za dhahabu alikuwa na sifa, lakini sifa haipikwi ikaliwa.

KWENDA DENMARK

Mwaka wa 1976 Kalule alikuwa ameingia ngumi za kulipwa. Hakwenda Marekani wala Uingereza, walikokwenda wengi. Alikwenda Denmark, nchi ndogo ya baridi kaskazini mwa Ulaya, akapigana chini ya mtu aitwaye Mogens Palle, mwandalizi mkubwa wa ngumi wa nchi ile. Jirani zao wa Sweden walikuwa wamepiga marufuku ngumi za kulipwa tangu mwaka wa 1970, na Norway nao walikuja kuzipiga marufuku mwaka wa 1981. Denmark hawakuzikataza. Kwa hiyo huko ndiko kulikokuwa na kazi.

Mwezi wa Julai mwaka huo wa 1976 ilifunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini Montreal, Kanada. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka ule ule ambao watoto wa shule waliuawa kwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikasema kwamba New Zealand isishiriki Olimpiki. Maneno hayo hayakukubaliwa. Basi nchi zaidi ya 20, Tanzania na Uganda zikiwamo, zikakataa kushiriki. Bayi hakukimbia. Medali ya dhahabu ya mita 1500 ikachukuliwa na John Walker, yule yule aliyeachwa nyuma Christchurch.

Na dhahabu ya ngumi ya kilo 63.5, daraja lile lile ambalo Kalule alikuwa bingwa wake wa dunia, ilichukuliwa na kijana wa Marekani, jina lake Sugar Ray Leonard. Kalule hangekuwapo hata kama Uganda ingeshiriki, kwa sababu wakati ule wapiganaji wa kulipwa hawakuruhusiwa katika Olimpiki. Lakini fikirini: bendera ilimpa Bayi heshima, na bendera hiyo hiyo ikamwambia, "Safari hii hukimbii." Aliipoteza nafasi yake kwa ajili ya haki ya watu wengine. Mtu wa mkataba haitwi na bendera, wala hazuiwi nayo.

(Mwalimu wa darasa azime redio hapa kwa dakika tano. Wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe tofauti ya ridhaa na kulipwa.)

BINGWA WA DUNIA

Kalule alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Hakuwa bondia wa kelele. Alisogea mbele kwa utaratibu, akapiga kwa utaratibu, raundi baada ya raundi, mpaka mwenzake akachoka. Alishinda pigano la kwanza, la pili, la kumi, la ishirini. Hakushindwa hata moja.

Tarehe 24 Oktoba 1979 alikwenda mpaka Akita, Japani, kupigana na Masashi Kudo. Kudo alikuwa bingwa wa dunia wa chama kiitwacho WBA katika daraja la kilo 70 hivi, naye hakuwa ameshindwa. Walipigana raundi 15, mbele ya watu wa nchi ya Kudo mwenyewe. Mwisho waamuzi wote watatu wakampa Kalule ushindi. Akawa mtu wa kwanza kutoka Uganda kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa.

Tazameni tarehe hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka huo wa 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliompinga Amin, yaliingia Kampala na kumfukuza. Vijana wa nchi hii walikufa katika vita ile, nao Waganda wengi walikufa. Miezi sita tu baadaye, mtoto wa mji huo akashinda ubingwa wa dunia upande mwingine wa dunia. Jina la Uganda, ambalo kwa miaka minane lilitajwa kwa habari za mauaji, siku hiyo lilitajwa kwa habari ya ushindi.

Kalule aliutetea ubingwa wake mara nne, na mara zote nne alishinda. Mapigano hayo yote yalifanyika Denmark.

Sasa niwaambie jambo gumu, kwa maana historia isemwe yote. Mtu wa mwisho kati ya wale wanne, mwaka wa 1980, aliitwa Bushy Bester, naye alitoka Afrika Kusini. Miaka minne kabla ya hapo nchi za Afrika zilikuwa zimeacha Olimpiki kwa sababu ya timu moja iliyocheza Afrika Kusini. Mwaka wa 1977 nchi za Jumuiya ya Madola zilikuwa zimekubaliana kupinga michezo pamoja na nchi ile. Na huku bingwa Mwafrika anapanda ulingoni na mtu wa Afrika Kusini.

Je, alikosea? Wengine watasema ndiyo. Wengine watasema kwamba Mwafrika aliyempiga mtu wa nchi ya ubaguzi kwa raundi 15 alifanya kazi nzuri. Mimi sitawachagulia. Nitasema tu kwamba Bayi aliamuliwa na nchi yake, na Kalule hakuwa na nchi nyuma yake katika ulingo ule. Alikuwa na mkataba, na mkataba hauulizi mambo ya ukombozi.

SIKU YA KUSHINDWA

Mwezi wa Juni mwaka wa 1981 Kalule alikuwa amepigana mara 36 na kushinda mara 36. Ndipo akaitwa Marekani, katika mji wa Houston. Aliyemngoja huko alikuwa Sugar Ray Leonard, yule aliyechukua dhahabu ya Montreal. Watu wawili waliopata dhahabu katika daraja moja, mmoja Havana na mwingine Montreal, sasa walikutana wakiwa wazito zaidi na wakilipwa.

Walipigana tarehe 25 Juni ndani ya uwanja mkubwa wenye paa, uitwao Astrodome. Leonard alikuwa mwepesi, lakini Kalule hakumwacha apumzike. Katika raundi ya 9 Leonard alimpiga Kalule, akaanguka. Kalule akasimama. Mwamuzi akamtazama, akasimamisha pigano. Leonard akaruka samasoti kwa furaha.

Mtu anayetazama hukasirika kuona mwenzake amesimama naye anaambiwa basi. Lakini sikilizeni habari ya Robert Wangila wa Kenya. Wangila alipata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, na Wakenya walimpenda sana. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa, akaenda Marekani. Mwezi wa Julai mwaka wa 1994 alipigana Las Vegas. Mwamuzi akalisimamisha pigano, na Wangila hakukubali, alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili akafa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kumbe hata pale waliposema basi, tayari walikuwa wamechelewa.

Basi tusimcheke bondia aliyesimamishwa. Yuko hai.

WAAFRIKA WAWILI NA MKANDA WA ULAYA

Baada ya Leonard, Kalule alishindwa mara mbili tena mwaka wa 1982, na Davey Moore wa Marekani na Mike McCallum wa Jamaika. Wengi walidhani amekwisha. Lakini mwaka wa 1985, akiwa na miaka 31, alimpiga Pierre Joly wa Ufaransa, akawa bingwa wa Ulaya wa uzito wa kati. Ndiyo, mtu wa Kampala, bingwa wa Ulaya, kwa kuwa maskani yake na kazi yake ilikuwa Denmark.

Desemba mwaka huo alikwenda Ancona, Italia, kuutetea mkanda huo. Mpinzani wake alikuwa akipigana kutoka Italia, jina lake Sumbu Kalambay. Lakini Kalambay hakuzaliwa Italia. Alizaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka wa 1956. Ninyi wa Katavi mkishuka mpaka Karema, ziwani, ng'ambo mnayoitazama ni Kongo hiyo, na Lubumbashi iko huko kusini, katika Katanga. Ni mji ambao watu wake wanasema Kiswahili kama sisi.

Basi jioni ile, katika mji wa Kizungu, mbele ya Wazungu, mtoto wa Kampala na mtoto wa Lubumbashi walipigania nani awe bingwa wa Ulaya. Walimaliza raundi zote 12. Waamuzi hawakukubaliana. Wawili walimpa Kalule, mmoja alimpa Kalambay. Kalule akabaki na mkanda.

Hakukaa nao sana. Mwezi wa Februari 1986 alikwenda Sheffield, Uingereza, akapigwa na Mwingereza Herol Graham katika raundi ya 10. Hapo Kalule akaacha, akiwa na miaka 32. Alikuwa amepigana mara 50 za kulipwa, akashinda 46 na kushindwa 4 tu.

Na Kalambay je? Mwaka wa 1987 alikwenda London akamshinda Graham huyo huyo. Mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa WBA. Mwaka wa 1988 akamshinda McCallum, yule aliyempiga Kalule. Halafu akataka kupigana na Michael Nunn, bingwa wa chama kingine. WBA ikakataa, ikamnyang'anya ubingwa, kwa sababu kwa kanuni zao alipaswa kupigana na mtu mwingine kwanza. Mwezi wa Machi 1989 Nunn akamwangusha katika raundi ya kwanza. Hapo tunajifunza kwamba mkanda si mali ya bondia kama jembe lilivyo mali ya mkulima. Ni mali ya chama, na chama kina karatasi zake.

JIBU KWA MZEE

Sasa namrudia mzee wa Sitalike. Mzee wangu, uliuliza kama mtu huyu ni mchezaji wetu au ni kibarua.

Babu zetu wengi wa Ufipa na Buha walikwenda Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba. Walipewa kipande, kila siku ya kazi ikatiwa alama, na siku 30 zilipotimia walilipwa. Wengi hawakujua kusoma kilichoandikwa. Je, tunaporudi kuwataja leo, tunasema hawakuwa watu wetu kwa sababu walifanya kazi ya mkataba katika shamba la mwingine? Hatusemi hivyo. Tunasema walikuwa babu zetu, na kazi ilikuwa ngumu.

Kalule naye alifanya kazi ya mkataba, mbali na kwao. Denmark ilipata mapigano ya kutazama, waandalizi wakapata fedha, naye akapata riziki yake. Kampala ilipata jina tu. Baada yake Waganda wengine walikuwa mabingwa wa dunia, wakiwamo Cornelius Boza-Edwards mwaka wa 1981, huko Marekani, na John Mugabi mwaka wa 1989, huko Ufaransa. Kati ya hao watatu hapana hata mmoja aliyeupata ubingwa huo nyumbani, mbele ya watu waliomwona akijifunza kukunja ngumi.

Hiyo ndiyo hasara ninayoiona mimi. Kosa si la mtu kulipwa, kwa maana jasho lina haki yake. Hasara ni kwamba nyumbani hapakuwa na ulingo wa kumweka, wala amani ya kumlinda. Kwa hiyo jibu langu ni hili: katika karatasi alikuwa kibarua, katika ulingo alikuwa mchezaji, na katika historia ni mtu wetu, ikiwa sisi wenyewe tutaiandika na kuisoma. Mzee, kama hukubaliani nami, simama darasani useme. Darasa la watu wazima ni la kubishana kwa adabu.

Na ninyi vijana mnaokwenda kutafuta kazi, iwe ya ngumi, ya mgodi au ya shamba: kabla ya kutia kidole gumba au sahihi, someni kwanza. Someni ni kazi gani, kwa muda gani, malipo kiasi gani, na ni nani atakayekutibu ukiumia. Mkishindwa kusoma neno, ulizeni. Ndiyo sababu tunakutana hapa kila juma.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI
Ridhaa. Kulipwa. Mkataba. Sahihi. Mwamuzi. Ulingo. Ubingwa.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini nchi nyingi za Afrika hazikushiriki Olimpiki ya mwaka wa 1976? Je, wachezaji walipata hasara gani, na nchi zilipata faida gani?
2. Mwaka wa 1980 Kalule alipigana na bondia wa Afrika Kusini. Ungekuwa wewe, ungekubali au ungekataa? Toa sababu.
3. Kalule alipigana mara 50 na kushindwa mara 4. Alishinda mara ngapi? Andika hesabu yako.
4. Taja mtu wa kijiji chako aliyekwenda mbali kufanya kazi ya mkataba. Mwombe akusimulie, kisha andika mistari mitano.

Ndugu wanafunzi, somo letu limekwisha. Someni vizuri, na salamu zangu kwa wote. Kwaherini mpaka juma lijalo.